Aina za Data katika SQL: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Anayeanza

Maswali ya wanaoanza SQL, lugha ya kuhifadhi na kusoma data kwenye hifadhidata, ni yale yale. Namba ya simu niiweke kama namba au kama maandishi? Kwa nini kila mtu anayehifadhi maandishi anaandika VARCHAR(255)? Mbona nikipanga orodha, 10 inatangulia 9? Mbona nimetafuta rekodi zisizo na uzito kwa `= NULL` na sikupata hata moja, ilhali naziona kwa macho yangu? Wanaouliza hivi si wazembe. Mafunzo mengi hukimbilia SELECT na JOIN, amri za kusoma na kuunganisha data, yakagusia aina za data kwa aya moja, kisha mwanafunzi anabaki peke yake siku anapotengeneza jedwali lake la kwanza.

Hapa tutatengeneza jedwali moja dogo la vifaa vya ofisi, tuliingizie data nzuri, halafu tuliingizie data mbovu kwa makusudi tuone linavyokataa. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: aina ya data haichaguliwi kwa sura ya thamani, huchaguliwa kwa kazi utakayoifanya na thamani hiyo. Ukilielewa hilo, zaidi ya nusu ya maswali yaliyotajwa hapo juu utayajibu mwenyewe.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- PostgreSQL, programu ya hifadhidata, iliyosakinishwa kwenye kompyuta yako. Ni ya bure, na toleo lolote la miaka ya karibuni linafaa.
- Programu ya kuandikia amri. `psql` huja pamoja na PostgreSQL. Ukipenda madirisha na vitufe, tumia pgAdmin.
- Hifadhidata tupu ya majaribio, ambayo hata ukiivuruga hakuna atakayeumia. Ndani ya psql andika:

```sql
CREATE DATABASE majaribio;
\c majaribio
```

- Karatasi na kalamu. Usiruke hili, Hatua ya 1 haihitaji kompyuta.

Kwa nini PostgreSQL na si SQLite, ambayo ni nyepesi zaidi? Kwa sababu SQLite, ukiiacha ilivyo, hupokea neno "abc" kwenye safuwima ya INTEGER, yaani ya namba nzima, bila kulalamika. Majedwali yake ya STRICT, yaliyokuja na toleo la 3.37 mwaka 2021, hurekebisha hilo, lakini anayeanza hajui kuyaomba. Mimi naamini anayejifunza anafaidika zaidi na hifadhidata inayomkatalia papo hapo. Kama kazini kwako mnatumia MySQL au nyingineyo, fuata tu. Nitataja tofauti zinazouma. SQL ilizaliwa IBM miaka ya 1970 na ikapewa kiwango rasmi cha ANSI, shirika la viwango la Marekani, mwaka 1986, lakini kila mtengenezaji ana lahaja yake, kwa hiyo usishangae amri moja ikikubaliwa hapa na kukataliwa kule.

## Hatua ya 1: Orodhesha safuwima kwenye karatasi

Andika kila kitu unachotaka kukihifadhi kuhusu kifaa: jina, namba ya kiwandani, uzito, gharama, tarehe ya kununuliwa, kama bado kinatumika, maelezo ya ziada. Kisha mbele ya kila kimoja jibu maswali matatu.

Nitaijumlisha, nitaizidisha au nitaitafutia wastani? Kama ndiyo, ni namba.

Nitahesabu siku, au nitauliza kipi kilitangulia kipi? Kama ndiyo, ni tarehe au wakati.

Inaweza kukosekana? Kama haiwezi, itaandikwa NOT NULL, yaani isiachwe tupu.

Yasiyoangukia kwenye maswali mawili ya kwanza kwa kawaida ni maandishi. Hapa ndipo namba ya simu inapopata jibu lake. Hakuna anayejumlisha namba za simu, wala anayetafuta wastani wake. Ni maandishi yaliyoundwa kwa tarakimu. Vivyo hivyo namba ya kitambulisho, msimbo wa posta na namba ya kiwandani.

Onyo. Ukiweka namba ya kiwandani `00417` kwenye safuwima ya INTEGER, utakachokuta baadaye ni `417`. Sufuri za mbele zimepotea, na hifadhidata haina njia ya kukumbuka kwamba zilikuwepo wala zilikuwa ngapi. Tena INTEGER huishia 2,147,483,647, hivyo namba ya simu iliyoandikwa pamoja na msimbo wa nchi kwa kawaida haitaingia kabisa.

## Hatua ya 2: Tengeneza jedwali

```sql
CREATE TABLE vifaa (
  id                INTEGER GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  jina              VARCHAR(100) NOT NULL,
  namba_ya_kiwanda  VARCHAR(30) NOT NULL UNIQUE,
  uzito_kg          NUMERIC(6,3),
  gharama           NUMERIC(12,2) NOT NULL,
  tarehe_kununuliwa DATE NOT NULL,
  kinatumika        BOOLEAN NOT NULL DEFAULT TRUE,
  maelezo           TEXT
);
```

Tupite mstari kwa mstari, tukikaa zaidi pale watu wanapokwama.

`id` ni ufunguo wa msingi, yaani thamani inayotambulisha kila rekodi. Hifadhidata yenyewe huujaza, wewe usiuguse. Kwenye MySQL kazi hiyo hufanywa na AUTO_INCREMENT. INTEGER huchukua baiti 4. SMALLINT huchukua baiti 2 na kuishia 32,767. BIGINT huchukua baiti 8 na uwezo wake hutaumaliza. Tumia INTEGER kama huna sababu ya kutumia nyingine, na uchague BIGINT kwa id ya jedwali linalopokea rekodi mfululizo, kama kumbukumbu za matukio ya mfumo. Usipoteze jioni nzima ukibana baiti mbili kwa SMALLINT.

`jina` ni VARCHAR(100). Ile 100 ni kikomo, si nafasi inayotengwa. Neno "Printa" litachukua nafasi ya herufi zake na ziada ndogo, hata kama kikomo ni 100 au 1000. Sasa ile 255 maarufu ilitoka wapi? Matoleo ya MySQL kabla ya 5.0.3 hayakuruhusu VARCHAR kuzidi 255, na watu wameendelea kuinakili hadi leo bila kujua sababu. Weka kikomo chenye maana kwa data yako. Kama hakuna kikomo cha maana, kama ilivyo kwa `maelezo`, tumia TEXT. Kwenye PostgreSQL TEXT na VARCHAR huhifadhiwa kwa namna moja na kasi yake haitofautiani. CHAR iache. Huongeza nafasi tupu mwishoni mwa neno ili litimize urefu uliotajwa, na nafasi hizo zitakusumbua siku ya kulinganisha maneno.

`gharama` ni NUMERIC(12,2), na hapa wengi husoma vibaya. Si tarakimu 12 kabla ya nukta na 2 baada yake. Ni tarakimu 12 kwa jumla, na kati ya hizo 2 ziko baada ya nukta. Zinabaki 10 upande wa kushoto. Kwa kanuni hiyo, `uzito_kg` wa NUMERIC(6,3) hauwezi kuzidi 999.999. Ukikutana na DECIMAL, ni kitu kile kile kwa jina jingine.

Kwa nini si FLOAT? Jaribu mwenyewe (alama `::` hugeuza thamani iwe ya aina inayofuata, na `float8` ni FLOAT ya PostgreSQL):

```sql
SELECT 0.1::float8 + 0.2::float8;
SELECT 0.1::numeric + 0.2::numeric;
```

Ya kwanza inatoa 0.30000000000000004, ya pili inatoa 0.3. FLOAT huhifadhi namba kwa mfumo wa msingi wa mbili, na humo 0.1 haina umbo kamili, kama vile theluthi moja isivyokuwa na mwisho ukiiandika kwa desimali. Kwa vipimo vya joto au vya kasi, tofauti hiyo ndogo haidhuru. Kwa pesa haikubaliki: jumlisha malipo elfu kumi na hesabu zitakataa kulingana na za mhasibu, nawe utatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Pesa ni NUMERIC, wakati wote.

Onyo. NUMERIC haikatai desimali za ziada, huzikadiria kimyakimya. Ukiingiza 10.005 kwenye NUMERIC(12,2), itahifadhiwa 10.01. Kama desimali ya tatu ina maana kwako, amua hivyo sasa, kabla jedwali halijajaa.

`kinatumika` ni BOOLEAN, yaani kweli au si kweli. Usiifanye VARCHAR yenye neno "ndiyo". Baada ya mwezi utakuta "Ndiyo", "NDIYO", "ndio" na "ndiyo " yenye nafasi mwishoni, na kila moja ni thamani tofauti machoni pa hifadhidata. MySQL hugeuza BOOLEAN kuwa TINYINT(1), SQL Server hutumia BIT.

## Hatua ya 3: Ingiza rekodi

```sql
INSERT INTO vifaa (jina, namba_ya_kiwanda, uzito_kg, gharama, tarehe_kununuliwa)
VALUES
  ('Printa',   '00417', 8.250, 1450.00, '2023-02-14'),
  ('Kamera',   '00982', 0.640,  980.50, '2023-11-03'),
  ('Projekta', '01120', NULL,  2300.00, '2024-06-30');
```

Maandishi na tarehe huwekwa ndani ya alama moja moja za kunukuu. Namba haziwekwi alama. NULL pia haiwekwi alama. Ukiandika `'NULL'` kwenye safuwima ya maandishi umehifadhi neno lenye herufi nne.

Usitie mkato wa maelfu. `1,450.00` kwa SQL ni thamani mbili, 1 na 450.00, na utaambiwa thamani zimezidi safuwima.

Alama mbili za kunukuu, `"Printa"`, si sawa na alama moja. Kwa PostgreSQL hizo ni za majina ya safuwima na majedwali, kwa hiyo utajibiwa kwamba hakuna safuwima iitwayo Printa. MySQL kwa kawaida huzikubali kama maandishi, na ndiko watu wanakobeba mazoea hayo.

Kisha kuna ritifaa, ambayo sisi tunaoandika Kiswahili tunakutana nayo kila siku. Neno kama "kung'aa" lina alama ile ile inayofunga maandishi ya SQL. Ukiandika `'Taa ya kung'aa'`, hifadhidata huona maandishi yameishia kwenye "kung", na yanayofuata ni vurugu. Irudie mara mbili:

```sql
SELECT 'Taa ya kung''aa';
```

Hizo ni ritifaa mbili zinazofuatana. Matokeo yataonyesha moja tu.

Onyo. Ukinakili amri kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, alama za kunukuu huenda zimegeuzwa kuwa zile zilizopinda. Kwa jicho zinafanana. Kwa SQL si alama za kunukuu kabisa. Zifute, uzichape upya.

## Hatua ya 4: Ilazimishe hifadhidata ikukatalie

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayofundisha kuliko zote. Ingiza data mbovu moja moja na usome jibu mpaka mwisho:

```sql
INSERT INTO vifaa (jina, namba_ya_kiwanda, gharama, tarehe_kununuliwa)
VALUES ('Skana', '01300', 'ghali', '2024-01-10');

INSERT INTO vifaa (jina, namba_ya_kiwanda, gharama, tarehe_kununuliwa)
VALUES ('Skana', '01300', 700, '2023-02-30');

INSERT INTO vifaa (jina, namba_ya_kiwanda, gharama, tarehe_kununuliwa)
VALUES ('Skana', '00417', 700, '2024-01-10');
```

Utapata, kwa mfuatano:

```
ERROR:  invalid input syntax for type numeric: "ghali"
ERROR:  date/time field value out of range: "2023-02-30"
ERROR:  duplicate key value violates unique constraint "vifaa_namba_ya_kiwanda_key"
```

Angalia kila ujumbe unavyotaja aina, thamani au sharti lililokiukwa; la tatu ni UNIQUE, linalokataa thamani kujirudia. Februari haina siku ya 30, na hifadhidata inalijua hilo kwa sababu uliiambia hii ni DATE. Ungekuwa umeandika VARCHAR, ingeipokea na kukaa nayo miaka. MySQL kabla ya toleo la 5.7 ilikuwa na tabia ya kukata maandishi yaliyozidi kikomo na kuendelea, ikiacha onyo ambalo wachache walilisoma. Kama umerithi hifadhidata ya zamani, hakikisha hali kali (strict mode) imewashwa.

Sasa ingiza skana kwa usahihi, ukitumia namba `'01300'`, halafu tazama id yake. Huenda si 4, ni 5. Ile rekodi iliyokataliwa kwa kujirudia ilikuwa tayari imechukua namba yake, na namba hairudishwi. Watu huniuliza namna ya kuziba pengo hilo. Usilizibe. Kazi ya id ni kutambulisha rekodi moja na nyingine, haihesabu rekodi.

Kabla ya kuendelea, futa skana hiyo ili hesabu za hatua zinazofuata zilingane na zangu:

```sql
DELETE FROM vifaa WHERE namba_ya_kiwanda = '01300';
```

## Hatua ya 5: Soma, panga, piga hesabu

```sql
SELECT jina, gharama FROM vifaa
WHERE gharama > 1000
ORDER BY gharama DESC;
```

Projekta itatangulia, printa itafuata. Kwa kuwa gharama ni namba, hakuna ajabu. Ajabu ziko hapa:

```sql
SELECT n FROM (VALUES ('9'), ('10'), ('100')) AS t(n) ORDER BY n;
```

Matokeo ni 10, 100, 9. Maandishi hupangwa herufi kwa herufi kutoka kushoto, na herufi 1 iko kabla ya 9. Badilisha mwisho uwe `ORDER BY n::integer` na mpangilio utakaa sawa. Ukiona 10 inatangulia 9 kwenye kazi yako, umeshapata jibu: mtu alihifadhi namba kama maandishi. Dawa ni kubadilisha aina ya safuwima, ambayo iko Hatua ya 8. Kugeuza aina ndani ya kila swali ni kuahirisha tatizo.

Jambo la pili ni kugawanya.

```sql
SELECT 7 / 2;
SELECT 7 / 2.0;
```

Ya kwanza inatoa 3, ya pili inatoa 3.5 yenye sufuri nyingi nyuma yake. INTEGER ikigawanywa kwa INTEGER hutoa INTEGER, na sehemu iliyobaki hutupwa. Ndiyo maana asilimia ya `3 / 4 * 100` hutoka 0. Anza na desimali: `100.0 * 3 / 4`. MySQL na Oracle hutoa 3.5 kwa 7 / 2. SQLite na SQL Server hutoa 3 kama PostgreSQL.

## Hatua ya 6: Tarehe na saa

Andika tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: `'2024-04-03'`. Ni mpangilio wa kiwango cha ISO 8601 na hauna utata. Ukiandika `'03/04/2024'`, seva moja itasoma tarehe 3 Aprili na nyingine tarehe 4 Machi, na zote mbili hazitalalamika, kwa sababu zote ni tarehe halali.

"Lakini mimi nataka zionekane siku kwanza." Sawa, hilo ni suala la kuonyesha, na halihusu kuhifadhi. DATE haihifadhiwi kwa umbo lolote la maandishi. Umbo unalipa wakati wa kusoma:

```sql
SELECT jina,
       to_char(tarehe_kununuliwa, 'DD/MM/YYYY') AS tarehe,
       CURRENT_DATE - tarehe_kununuliwa AS siku
FROM vifaa;
```

Safuwima ya mwisho inakupa idadi ya siku tangu kifaa kinunuliwe, bila hesabu yoyote ya miezi na miaka mirefu. Kama tarehe ingekuwa VARCHAR, hilo lisingewezekana, na '31/01/2024' ingepangwa baada ya '01/12/2024'.

Ukihitaji saa pamoja na tarehe, kuna TIMESTAMP na TIMESTAMPTZ. Kwa tukio lililotokea kweli, kama mtu kuingia kwenye mfumo au malipo kupokelewa, chagua TIMESTAMPTZ. Jina linadanganya kidogo: haihifadhi ukanda wa saa ulioutaja. Huugeuza wakati huo kuwa UTC, saa ya rejea ya dunia, ikauhifadhi hivyo, kisha hukuonyesha kwa ukanda wa saa wa kikao chako. Watu wawili walio kwenye kanda tofauti wataona saa tofauti, lakini nukta ile ile ya wakati. TIMESTAMP ya kawaida haijui chochote kuhusu kanda. Kwenye MySQL majina yana maana nyingine: TIMESTAMP yake huishia tarehe 19 Januari 2038, kwa hiyo mikataba ya muda mrefu iweke kwenye DATETIME.

Onyo. Usitumie BETWEEN kutafuta mwezi mzima kwenye safuwima yenye saa. `BETWEEN '2024-06-01' AND '2024-06-30'` huishia saa sita kamili usiku, mwanzo wa tarehe 30, na karibu siku nzima ya mwisho inapotea kwenye ripoti. Andika hivi, kwa safuwima ambayo tuiite `wakati`:

```sql
WHERE wakati >= '2024-06-01' AND wakati < '2024-07-01'
```

Haijali mwezi una siku 28 au 31.

## Hatua ya 7: NULL

Projekta yetu haina uzito. Si kwamba ina uzito wa sufuri, hatuujui. Hiyo ndiyo maana ya NULL, na mashaka yote yanayoizunguka hutoka hapo. Ukiiuliza SQL kama kitu kisichojulikana ni sawa na kitu kingine, haiwezi kujibu kweli wala si kweli. Hujibu "haijulikani", na WHERE hupitisha tu rekodi zilizojibiwa kweli.

```sql
SELECT jina FROM vifaa WHERE uzito_kg = NULL;
SELECT jina FROM vifaa WHERE uzito_kg IS NULL;
```

Ya kwanza haileti kitu, leo wala kesho. Ya pili inaleta projekta. Hilo wengi hulijua mapema. Hili la pili ndilo hujificha:

```sql
SELECT jina FROM vifaa WHERE uzito_kg <> 0.640;
```

Ungetarajia kila kifaa isipokuwa kamera. Unapata printa peke yake. Projekta imeachwa, kwa kuwa haijulikani kama uzito wake ni tofauti na 0.640. Ukitaka ihesabiwe, andika `uzito_kg IS DISTINCT FROM 0.640`.

Sasa wastani. `COUNT(*)` inatoa 3, `COUNT(uzito_kg)` inatoa 2, na `AVG(uzito_kg)` inagawanya kwa 2, kwa hiyo inatoa 4.445. Ungekuwa umejaza 0 mahali pa uzito usiojulikana, wastani ungeshuka hadi karibu 2.963, na mtu angeununua mzigo wa rafu dhaifu kwa kuamini namba hiyo. Usijaze 0, 999 wala tarehe ya '1900-01-01' kuziba pengo. NULL ipo kwa kazi hiyo.

Kwenye hesabu na kuunganisha maneno, NULL huambukiza: `5 + NULL` ni NULL, na `'Kifaa ' || NULL` pia ni NULL. Wakati wa kuonyesha, tumia `COALESCE(maelezo, 'hakuna maelezo')`, ambayo huweka maneno hayo mahali pa NULL. Na kama orodha iliyo ndani ya NOT IN ina NULL hata moja, hutapata rekodi yoyote. Tumia NOT EXISTS. Oracle ina lake pia: maandishi matupu, `''`, huyachukua kuwa NULL.

## Hatua ya 8: Badilisha bila kuharibu

UPDATE au DELETE isiyo na WHERE hugusa rekodi zote. Haitakuuliza mara mbili. Jizoeze hivi tangu siku ya kwanza:

```sql
BEGIN;
UPDATE vifaa SET kinatumika = FALSE WHERE namba_ya_kiwanda = '00417';
```

Soma jibu. Likisema `UPDATE 1`, umegusa rekodi moja; andika `COMMIT;`. Likitaja idadi usiyoitarajia, andika `ROLLBACK;` na kila kitu kitarudi kilivyokuwa.

Kubadilisha aina ya safuwima iliyokwisha jaa kunahitaji uiambie hifadhidata namna ya kugeuza kilichomo. Tuseme umerithi jedwali liitwalo `orodha` ambalo tarehe zake ni maandishi ya '31/01/2024':

```sql
ALTER TABLE orodha
  ALTER COLUMN tarehe TYPE DATE
  USING to_date(tarehe, 'DD/MM/YYYY');
```

Ikigoma, kuna rekodi isiyo tarehe halali. Itafute, uirekebishe, ujaribu tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini sasa walau unajua makosa yalipo.

## Ukikwama

Amri haifanyi kitu, na alama ya psql imegeuka kutoka `majaribio=#` kuwa `majaribio-#`. Umesahau nukta mkato. Iandike kisha ubonyeze Enter. Ukiona `majaribio'#`, kuna alama ya kunukuu uliyoifungua bila kuifunga. Bonyeza Ctrl+C uanze upya.

`value too long for type character varying(100)`. Maandishi yamezidi kikomo. Kabla ya kupandisha kikomo, yatazame. Mara nyingi ni data ya safuwima nyingine iliyoingia mahali pasipo pake.

`numeric field overflow`. Tarakimu za kushoto mwa nukta zimezidi. Rudia ile hesabu ya jumla toa desimali.

`integer out of range`. Ama unahitaji BIGINT, ama umeweka namba ya simu mahali pa namba.

`operator does not exist: character varying = integer`. Umeandika `namba_ya_kiwanda = 417`. Ni maandishi, kwa hiyo andika `'00417'`, pamoja na sufuri zake.

`relation "vifaa" does not exist`, na una hakika ulilitengeneza. Pengine uko kwenye hifadhidata nyingine. Andika `\c majaribio`. Au ulilipa jina kwa `"Vifaa"` lenye herufi kubwa na alama mbili, na sasa ni lazima uliite hivyo hivyo kila mara. Majina yote yaandike kwa herufi ndogo, bila alama.

`current transaction is aborted, commands ignored until end of transaction block`. Amri moja baada ya BEGIN ilikosea, na zinazofuata zote zinasubiri. Andika `ROLLBACK;`.

Emoji au herufi za lugha nyingine zinakataliwa au kugeuka alama za kuuliza kwenye MySQL. Usimbaji wake uitwao `utf8` ulibeba baiti 3 tu kwa kila herufi, na emoji zinahitaji 4. Tumia `utf8mb4`.

Kama bado haijakaa sawa na unataka kumwuliza mtu, mpelekee vitu vitatu kwa pamoja: matokeo ya `\d vifaa`, amri nzima uliyoiandika, na ujumbe wote wa kosa ulionakiliwa kama maandishi. Picha ya skrini iliyokatwa katikati haitamsaidia kukusaidia.